Fomu Moja na Makopo Mawili

Tangu nimalize chuo mwezi uliopita, jamaa wananiuliza kwa nini nilichagua kozi niliyoichagua. Huwa nawajibu maneno mawili matatu, wanaridhika, tunaendelea na chai. Habari ya makopo sijawahi kuwaambia. Leo nimebakiwa na siku tatu kabla ya kuripoti kazini. Nguo nimezipiga pasi, nikaziona zina kunyanzi, nikazipiga tena. Nimeona bora nikae niandike, kabla sijazipiga mara ya tatu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, mwaka niliomaliza fomu foo. Wengi waliokuwa wakiendesha wodi zamani walikuwa wameondoka, na serikali ilikuwa inataka wauguzi, tena inawataka haraka. Sisi tuliokuwa tukisubiri matokeo tulipangiwa kazi za kujitolea. Wengine walipelekwa mashamba ya mpunga, wengine wakafundisha watu wazima kusoma. Mimi nikapelekwa hospitali ya mjini, wodi ya wazazi. Wiki ya tatu nikapewa fomu.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja. Juu, jina na mtaa. Katikati, visanduku viwili. Cha kwanza kilisema uuguzi msaidizi, mwaka mmoja na nusu. Cha pili kilisema uuguzi kamili pamoja na ukunga, miaka minne. Tia alama moja tu. Chini, kwa herufi ndogo ambazo nahisi watu wengi hawakuzisoma na mimi nilizisoma mara arubaini, ilielezwa kwamba atakayeshindwa mtihani wa mwaka wa kwanza katika kozi ndefu hatarudishwa kwenye ile fupi. Atapangiwa kazi nyingine yoyote, popote. Fomu irudishwe Jumamosi kabla ya saa sita, na sahihi ya mzazi.

Basi nikachukua daftari la shule lililobaki kurasa, nikapiga mstari katikati. Kushoto niliandika Msaidizi, kulia nikaandika Kamili. Kila nilipopata sababu niliiandika. Kufikia Jumatano kushoto kulikuwa na sababu kumi na saba na kulia kumi na sita, kisha nikakumbuka kwamba sababu ya tano kushoto na ya tisa kushoto ni kitu kimoja kwa maneno tofauti. Nikafuta moja, zikalingana, nikataka kulia.

Sababu ya kwanza kushoto, iliyoandikwa kwa herufi nene kuliko zote, ilikuwa hii: *Msaidizi hutumwa. Anayetumwa hakosei.*

Hapo ndipo ulipokuwa moyo wangu. Mengine yote yalikuwa mapambo. Sikuogopa damu, sikuogopa kukesha. Niliogopa siku mtu atakapogeuka na kuuliza, nani aliyeamua hivi, na macho yote yanielekee mimi.

Mama alikuwa upande wa kozi fupi, ila kwa sababu zake. Tulikuwa tukikaa Kiponda, vyumba viwili vya juu katika nyumba kubwa ya mawe tuliyopangiwa baada ya kuhama Ng'ambo. Dari lilikuwa refu kiasi kwamba sauti ya mama ikitoka jikoni ilifika imechoka.

"Miaka minne!" alisema. "Ukitoka huko nani atakuoa? Watakusubiri wapi, bandarini?"

"Mama, si lazima nisubiriwe."

"Ndiyo maneno hayo hayo yanayofanya watu wasikusubiri. Sali istikhara, mwanangu. Muombe Mola akuoneshe."

Nikasali istikhara siku tatu. Siku ya kwanza sikuota kitu. Ya pili niliota nimenunua mhogo. Ya tatu niliota mhogo ule ule, safari hii umechemshwa. Nikakaa asubuhi nzima nikijiuliza kama mhogo mbichi ni kozi fupi na wa kuchemsha ni ndefu, au kinyume chake, mpaka mama akasema nimeota mhogo kwa sababu tumekula mhogo.

Baba ni seremala, babu yake alitoka bara, na desturi yake ni kupima kwanza. "Ukishaamua, lete nitie sahihi," alisema.

Sasa nieleze wodi, maana huko ndiko mambo yalikokwenda kombo.

Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda kumi na mbili na watu wawili ambao mimi niliwatazama kuliko nilivyowatazama wagonjwa. Mmoja alikuwa Sista, mkuu wa wodi, mwanamke mwembamba wa miwani aliyesomea uuguzi miaka mingi, asiyepandisha sauti hata siku moja. Huyo kwangu alikuwa kozi ndefu. Wa pili alikuwa msaidizi mkongwe ambaye wodi nzima tulimwita Bi Mkubwa. Mfupi, mnene, mikono yake ina joto kama mtu aliyetoka kushika chungu. Huyo alikuwa kozi fupi. Sista aliandika, akaamua, akatia sahihi. Bi Mkubwa alikanda migongo, akabadilisha mashuka, akawaambia wazazi wapya kwamba watoto wote huzaliwa na sura mbaya na wasitie hofu.

Kazi mojawapo ya Bi Mkubwa ilikuwa kuhifadhi mazalio. Kwetu, zalio la mtoto, ile nyama inayotoka baada yake, halitupwi. Hupelekwa nyumbani likaoshwa, likafungwa kitambaa, likazikwa kwao. Watu wa mashamba hasa hawakubali kuondoka hospitali bila nalo. Bi Mkubwa alikuwa akilitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga pamoja na chumvi ya mawe, akafunga kifuniko. Kisha alichana utepe kwenye kanga kuukuu ya mzazi mwenyewe na kulifunga kopo kwa utepe huo. Siku ya kutoka, alishika kopo mkono mmoja, kanga ya mzazi mkono wa pili, akatazama rangi, akatazama uso, akatoa.

Mimi niliona utaratibu ule si wa kisomi. Kanga hufanana. Rangi huchuja. Je, wazazi wawili wakiwa na kanga moja? Nililifikiria jambo hilo siku mbili, na Jumatano Bi Mkubwa alipokuwa ameshamaliza zamu na kwenda kwao nikachukua karatasi, nikakata vipande, nikaandika namba za vitanda kwa hati nzuri, nikavigandisha kwenye makopo kwa gundi ya unga. Tepe za kanga nikazitoa na kuzitupa. Makopo yalikuwa mawili tu siku hiyo. Namba nne na namba tisa.

Kitanda cha nne alikuwako mama mmoja kutoka Bwejuu. Cha tisa, binti wa Mkokotoni aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Nilipokwenda zangu nyumbani saa tisa jioni, kila kitu kilikuwa mahali pake.

Kumbe nilivyotoka tu, yule wa Bwejuu alilalamika upepo wa dirishani unampiga tumboni, na yule wa Mkokotoni akalalamika joto. Wakabadilishana vitanda, wao wenyewe kwa wenyewe, kama watu wanavyobadilishana nafasi kwenye mkeka wa harusi. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuandikwa.

Alhamisi asubuhi Bi Mkubwa alikuwa na ruhusa, amekwenda kuzika Bububu. Watu wa Bwejuu wakaja kumchukua mzazi wao, mwanamme na dada yake, na gari lao la shamba limeshapiga honi nje.

"Tunataka na amana yetu," yule dada alisema.

"Kitanda gani?" niliuliza, daftari mkononi.

"Cha tisa pale."

Nikatoa kopo namba tisa. Nikatia alama kwenye daftari. Nakumbuka niliona raha, alama ilikaa vizuri katikati ya mstari.

Saa nne Bi Mkubwa akarudi, akavua buibui, akasimama mlangoni akitazama vitanda vyake kama mtu anayehesabu kuku. Alipofika cha nne akasita.

"Huyu binti wa Mkokotoni anafanya nini hapa?"

"Ndiye wa kitanda cha nne," nikasema.

"Tangu lini? Huyu nimemlaza mwenyewe tisa." Akageuka. "Na yule wa Bwejuu?"

"Ameshatoka. Nimewapa kopo lao."

"Lipi?"

"La tisa."

Bi Mkubwa hakunigombeza. Alitembea mpaka kwenye meza, akalitazama lile kopo moja lililobaki lenye namba nne kwa hati yangu nzuri, akaligeuza. Ubavuni lilikuwa na bonde.

"Hili ndilo la Bwejuu," alisema polepole. "Bonde hili nimelitia mie, liliniponyoka. Tepe zangu ziko wapi?"

"Nimezitupa."

"Umezitupa."

"Nilifikiri namba..."

"Ulifikiri," akasema, akakaa juu ya kigoda. "Lo! Mtoto wa watu ulifikiri."

Katika daftari langu la sababu hakukuwa na nafasi ya jambo hili. Mimi sikuwa hata msaidizi, nilikuwa mtu wa kujitolea tu. Hakuna aliyenituma kuandika namba wala kutupa tepe. Nilikuwa nimekosea kutoka chini kabisa, mahali nilipokuwa nikiamini mtu hawezi kukosea.

Ilibidi aambiwe Sista. Nilitaka Bi Mkubwa aende, akakataa kwa kidevu. Nikaenda mwenyewe. Sista alikuwa akihesabu vidonge. Nilimweleza kwa maneno mengi mno, nikaanzia kwenye gundi, nikarudi kwenye kanga, nikaingia kwenye upepo wa dirishani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika chupa ya vidonge.

"Gari lao limetoka saa ngapi?"

"Saa tatu, Sista."

"Basi wako njiani bado. Njoo."

Nilidhani tunakwenda kwa mganga mkuu nikashitakiwe. Tulikwenda kitanda cha nne. Mkwe wa yule binti, bibi mmoja wa Mkokotoni mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya maji, alikuwa amekaa chini akimpepea mjukuu. Sista akachutama mpaka macho yao yakalingana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumekosa. Kopo la zalio la mtoto wenu tumewapa watu wengine. Limekwenda Bwejuu."

Bibi akaacha kupepea. "Bwejuu?"

"Naam."

"Sisi hatuna mtu Bwejuu."

"Najua, bibi."

"Hatuna shamba Bwejuu, hatuna kaburi Bwejuu. Mjukuu wangu mimi azikiwe zalio Bwejuu, kisha akikua kila nikimtafuta nimkute yuko njia ya Bwejuu, haelewi mwenyewe anachokifuata?" Akatutazama wote wawili. "Nani kafanya haya?"

Nikafungua mdomo. Sista alitangulia. "Wodi ni yangu, bibi. Nimefanya mimi."

"Na utafanyaje?"

"Nitalifuata."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Leo."

"Na hiki kijiti kinachotetemeka hapa nyuma yako?"

"Nacho kinakwenda," Sista akasema.

Gari la Afya lilikuwa linatoka saa sita kupeleka dawa Makunduchi. Sista alikwenda ofisini, sikusikia alisema nini, akatoka na kikaratasi kinachosema gari lipitie Bwejuu kwanza. Nikapanda nyuma na kopo lenye bonde mapajani, nimelikumbatia kwa mikono yote miwili. Bi Mkubwa alikuja mpaka gari lilipo akatia mkono dirishani na kunirekebisha kilemba cha buibui.

"Ukifika sema machache," alisema. "Wewe maneno yako yana mikia."

Njia ya Bwejuu siku zile ilikuwa na mashimo ambayo dereva aliyajua kwa majina. Muda wote nilikuwa nikipanga nitakachosema. Nilipanga hotuba tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi mno, ikaonesha sijali. Ya pili ilikuwa na kilio. Ya tatu ilinipendeza, lakini tulipofika ilikuwa imenitoka yote.

Hatukuuliza sana nyumba. Penye mtoto mchanga panajulikana. Mama yake mwenye nyumba, bibi wa mtoto, alikuwa uani akipondaponda makumbi ya nazi aliyoyatoa baharini, yale wanayoyafukia pwani miezi mpaka yalainike, kisha huyafukua wakasokota kamba. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa tope mpaka viwikoni. Alitukaribisha kabla ya kutuuliza tunataka nini. Kisha Sista akaeleza, kwa maneno machache kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Bibi akaacha rungu lake. Akamwita mwanawe, wakasemezana kwa Kikae chao, nusu ya maneno yakanipita. Nilichokielewa ni kwamba wameshazika. Walikuwa wamefika saa tano, na hawakutaka lilale na joto lile.

"Nani kaandika ile namba?" bibi akauliza.

"Kosa ni langu, bibi," Sista akasema.

"Sikuuliza kosa la nani. Nimeuliza nani kaandika."

"Mimi," nikasema.

"Unajua kusoma?"

"Naam."

"Mpaka wapi?"

"Fomu foo."

"Haya. Na huyu mkwe wangu, siku mbili yuko mbele yako. Ana kovu wapi?"

Nikatafuta. Nilikuwa nimempelekea maji mara nne. Nilikuwa nimeandika joto lake asubuhi na jioni.

"Sijui, bibi."

"Hapa." Akajigusa kwenye nyusi, akaacha alama ya tope. "Kubwa hivi. Kipofu angeliona." Mwanawe akacheka, dada yake akacheka ndani ya nyumba, na mimi nikaona uso unawaka. Lakini nilikuwa nimengojea kufukuzwa, na hakuna aliyenifukuza.

"Basi," bibi akasema, akainuka. "Mikono hii kazi yake kufukua. Njoo, msomi. Leo utafukua na wewe."

Ilikuwa ubavuni mwa nyumba, upande wa kibla, mchanga umesawazishwa juu. Bibi alichimba kwa jembe dogo, kisha akaliweka na kuingiza mikono. Aliponiambia nipokee, nilipokea. Kilikuwa kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri, kizito kuliko nilivyotazamia, na bado kina baridi ya ardhi. Nikakiweka kwenye kopo walilokuja nalo, nikatia chumvi. Kisha tukatoa lile lililokuwa kwenye kopo lenye bonde, lao, nikamwagia maji kwenye bakuli jinsi alivyonielekeza, nikalifunga kitambaa kipya. Akanambia nipige bismillahi nilitie mwenyewe. Nikapiga magoti nikalitia. Nikafukia kwa viganja.

Mikono yangu haikutetemeka. Nililigundua hilo baadaye, garini. Muda ule sikuwa nagundua kitu chochote. Nilikuwa nafukia tu.

"Sasa huyu wetu hatahama," bibi akasema, akapangusa tope. "Na wale wa Mkokotoni waambie tumewasumbulia mtoto wao saa mbili tu, hajaizoea hewa ya huku." Kisha akatukalisha tule. Sista alisema tuna haraka. Bibi akasema na chakula kina haraka, kishapakuliwa. Tulikula mhogo wa nazi na changu, na sikuthubutu kumweleza mtu yeyote kuhusu ndoto zangu.

Tulipokuwa tukirudi, dereva alimaliza kwanza safari yake ya Makunduchi, na jua likaanza kulegea kabla hatujaufikia msitu. Sista alikaa nyuma pamoja nami ili kunisaidia kushika kopo. Nikapata ujasiri.

"Sista, kwa nini umesema kosa ni lako?"

"Kwa sababu lilikuwa langu. Naacha mtu wa kujitolea anabadilisha utaratibu wa wodi na mimi sijui. Hilo ni kosa la nani?"

"Lakini aliyeandika ni mimi."

"Na lako ni lako. Hakuna aliyekunyang'anya." Akatazama nje. "Fomu umejaza?"

"Bado."

"Kesho kutwa ndiyo mwisho. Unangoja nini?"

"Nangoja niwe na hakika."

Sikuwahi kumwona Sista akicheka wodini. Garini alicheka mpaka miwani ikashuka. "Mimi ningengoja hakika," alisema, "mpaka leo ningekuwa kwa mama yangu nachambua mchele."

Nikamwambia basi habari ya daftari, na ile sababu ya kwanza. Niliona haya kuitamka. Hakucheka safari hii.

"Usije ukamwambia hivyo Bi Mkubwa," alisema. "Atakupiga kofi, na mimi nitaandika umeanguka. Yule hakuingia kazi ile kujificha. Mazalio yote yaliyotoka wodi ile miaka yote hii, hajakosea hata moja. Leo nani aliyejua kopo la nani? Yeye. Mimi nisingejua."

"Basi na wewe..."

"Mimi niliweza kupata gari. Yeye angekwenda ofisini wangemwambia arudi kesho." Akarekebisha kopo mapajani mwangu. "Ndiyo tofauti yenyewe. Si kubwa kama watu wanavyodhani, wala si ndogo. Chagua unayoitaka. Ila usichague kwa ajili ya kujificha, maana leo umeona."

Nilikwenda nikilitazama kopo mpaka tunaingia mjini. Nilikuwa nafikiri, ndiyo, lakini safari hii fikra zilikuwa zinakwenda upande mmoja. Nilikuwa namkumbuka Sista amechutama mbele ya bibi wa Mkokotoni akisema, nitalifuata, leo. Nilikuwa nalitaka lile neno. Nilitaka siku moja nikikosea, au mtu wangu akikosea, niwe na uwezo wa kusema leo na gari likatoka. Na nilitaka niwe nimemwona mtu kovu lake. Sikujua kama kuna kozi inayofundisha yote mawili, lakini miaka minne ilionekana kuwa na nafasi zaidi ya kujaribu.

Bibi wa Mkokotoni alikuwa hajalala. Alilipokea kopo, akafungua kifuniko, akakiona kitambaa.

"Wamemfunga vizuri," alisema. "Watu wa wapi vile?"

"Bwejuu."

"Wana adabu," akasema, na hilo kwake lilikuwa jambo kubwa.

Ijumaa baada ya sala nilimpelekea baba fomu. Alikuwa uani anapiga randa mbao. Alama ilikuwa imeshatiwa kwenye kisanduku cha pili. Aliisoma yote, pamoja na zile herufi ndogo, na mimi nikasimama nikiomba asizione.

"Ukishindwa wanakupeleka popote."

"Naam."

"Popote ndiyo wapi?"

"Hata Pemba, baba."

"Pemba kuna watu," akasema. Akatoa penseli yake bapa ya useremala nyuma ya sikio, akalamba ncha, na kabla sijasema kitu akatia sahihi.

Fomu ilisema wino. Niliisoma tena, ilisema wino. Nikaanza kueleza kwamba pengine itakataliwa, kwamba pengine watadhani imeghushiwa, kwamba ofisi ya elimu Jumamosi hufunga mapema, mpaka mama akatoka jikoni na kalamu, akamshikisha baba.

"Pita juu yake," alimwambia. "Huyu asije akafa kabla hajawa nesi."

Baba akapita juu yake pole pole, kama anayefuata mstari wa kukata. Mama akaipepea ikauke. Alikuwa bado haitaki miaka minne, uso ulisema, lakini aliipepea kwa uangalifu, akanikabidhi kwa pembe mbili ili isipakae.

Jumamosi saa mbili nilikuwa wa kwanza mlangoni. Karani aliitazama fomu, akainua macho.

"Hii ndefu. Wengi wameandika fupi. Una hakika?"

"Sina," nikamwambia.

Akangoja niendelee. Sikuendelea. Akagonga muhuri, akaiweka juu ya nyingine, na fomu ikawa si yangu tena.

Sikuwa na zamu siku ile, lakini miguu ilinipeleka hospitali. Bi Mkubwa alikuwa anachana kanga.

"Umeandika ipi?"

"Ndefu."

Alichana mpaka mwisho, akaupima utepe kwa macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kwa lile kofi.

"Vyema," alisema. "Ukiwa Sista usije ukanipa namba." Akanirushia taulo. "Haya, kitanda cha sita hajapata maji ya kuoga tangu alfajiri. Ana aibu huyo, hasemi. Nenda kakae naye kwanza."

Nikakunja mikono ya nguo, nikaenda.